Nani Ashike Ufunguo wa Nyumba ya Mfanyakazi?

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda,

Mkutano wa wajumbe wa matawi umekaribia, na katika orodha ya mambo yatakayozungumzwa limo suala la nyumba. Matawi yameleta mapendekezo mawili. Wenzetu wengine wanataka chama kidai posho ya nyumba iongezwe juu ya mshahara. Wengine wanataka chama kimbane mwajiri azitengeneze nyumba za laini, atie mabati mapya, achimbe vyoo na avute maji karibu. Madai yote mawili ni ya haki, nasi hatuyapingi. Lakini tunaona yameliacha nyuma swali lililo kubwa zaidi, na swali hilo tunataka tulizungumze hapa kabla wajumbe hawajanyoosha mikono. Swali lenyewe ni hili: ufunguo wa nyumba ya mfanyakazi ushikwe na nani?

NYUMBA YA TAJIRI

Wengi wetu tunaoandika haya tumezaliwa katika laini. Tunakijua chumba kile: sakafu ya saruji iliyobanduka, ukuta unaopakwa chokaa mkaguzi akitarajiwa tu, jiko la kuni mlangoni, bomba moja na safu moja ya vyoo kwa laini nzima. Baba, mama, watoto na kuku tulilala humo pamoja. Kodi hatukutozwa, na wazazi wetu waliona hiyo ni neema. Gharama yake tulikuja kuijua baadaye.

Mara ya kwanza tuliijua kwa mzee mmoja mkata miwa, jirani yetu. Alikuwa amekata miwa ya shamba lile kwa miaka 27, mpaka mgongo ukapinda. Alipostaafishwa alipewa kiinua mgongo chake na siku 14 za kuhama. Watoto wake wanne walizaliwa katika chumba kile na kusoma shule ya kambi. Kijijini kwao hakuwa na kiwanja, kwa kuwa ndugu zake walikwisha kugawana ardhi zamani. Tulimsaidia kupakia kitanda, masufuria, na mlango mmoja wa mbao alioununua kwa fedha yake mwenyewe baada ya ule wa kampuni kuoza. Mlango ule ulishushwa getini. Askari alisema kila kilichofungwa kwa bawaba ni mali ya kampuni.

Mara ya pili tuliijua wakati wa mgomo. Tuligoma kwa ajili ya bei ya kipande, na kwa siku tatu tulisimama imara, wakataji, madereva, mpaka wapalilia. Siku ya nne karani alipita laini kwa laini akibandika karatasi milangoni: asiyeingia kazini kesho arudishe chumba. Usiku ule akina mama walikuja kwenye kikao cha kamati. Hawakutulaumu. Waliuliza tu, mvua hii tutawalaza wapi watoto? Hatukuwa na jibu. Jumamosi tulirudi kazini kwa bei ile ile. Polisi hawakuhitajiwa. Karatasi ya mistari minne ilitosha kuvunja mgomo wa watu mia kadhaa.

Ndugu zetu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nyumba inayotolewa pamoja na kazi huondoka pamoja na kazi. Tunaweza kudai ipakwe rangi, iwekwe dirisha la kioo na taa ya umeme, nayo itabaki ile ile ambayo mwajiri anaweza kutufungia siku tunapodai haki. Na posho nayo? Posho hupandishwa leo, na mwezi ujao wenye vyumba vya kupangisha karibu na kiwanda nao hupandisha kodi. Fedha hupita mikononi mwetu ikielekea mifukoni mwao.

NYUMBA YA SERIKALI

Wako wanaosema: basi tuiombe serikali itujengee, kama ilivyofanywa zamani. Ni kweli ilifanywa. Januari 1945 wafanyakazi wa Uganda waligoma, kwa sababu bei za vitu wakati wa vita zilikuwa zimeiacha mishahara mbali sana. Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilijenga mitaa ya wafanyakazi Waafrika, Nakawa na Naguru huko Kampala, na Walukuba huko Jinja, mji uliokuwa ukikua pamoja na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Wakoloni hawakufanya hivyo kwa mapenzi. Walitaka wafanyakazi watulie mjini, viwanda vifanye kazi. Hata hivyo nyumba zilisimama, na vizazi vikakulia humo.

Lakini tazameni mwisho wake. Uhuru ulikuja 1962, na wakazi wa Nakawa na Naguru wakabaki wapangaji kama walivyokuwa. Julai 2011 waliondolewa na nyumba zikabomolewa ili mwekezaji ajenge mji mpya mahali pale. Waliahidiwa kwamba wapangaji wa zamani wangefikiriwa kwanza. Miaka ikapita, kiwanja kikaota majani, na nyumba walizoahidiwa hawakuzipata. Watu waliokuwa wamekaa pale zaidi ya miaka 50 hawakuwa na kura hata moja katika uamuzi ule, kwa sababu hawakuwa na hati wala hisa. Walikuwa na risiti za kodi tu.

Hatusemi haya ili kuitukana serikali. Tunasema kwamba msaada wa serikali peke yake hautoshi, kama mkaaji hana sauti ndani ya nyumba aliyojengewa.

Je, iko njia nyingine? Ipo, na walioipita ni wafanyakazi kama sisi, wanachama wa vyama kama chetu, katika mji wa New York nchini Marekani. Tunaieleza habari yao kwa urefu, pamoja na makosa yao, kwa sababu huku kwetu haijulikani sana.

WASHONA NGUO WA NEW YORK

Mwanzoni mwa karne ya 20 washona nguo wa New York wengi walikuwa wahamiaji, Wayahudi kutoka Urusi na Poland, na Waitaliano. Walipanga katika majumba ya mtaa wa Lower East Side, yenye vyumba vya giza visivyopitisha hewa, na familia nyingi zilishona vipande vya nguo mle mle zilimolala. Mwenye jumba alidai kodi kila mwezi, na mwenye kiwanda alikata bei ya kipande apendavyo.

Katika chama kimoja cha washonaji, Amalgamated Clothing Workers, alikuwamo mtumishi aitwaye Abraham Kazan, naye mhamiaji kutoka Urusi, aliyesimamia ushirika wa akiba na mikopo wa wanachama. Mwaka 1926 jimbo la New York lilitunga sheria kwamba kampuni ya nyumba itakayokubali kuwekewa kikomo cha faida cha asilimia 6 itasamehewa kodi ya majengo. Matajiri wengi hawakuijali sheria ile, maana faida ya asilimia 6 waliiona ndogo. Kazan na wenzake hawakuwa wakitafuta faida. Wakaitumia, na 1927 nyumba zao za kwanza, za familia 303, zikafunguliwa upande wa Bronx. Nyumba zilikuwa za ushirika: kila mkazi alinunua hisa, na wakazi wote pamoja ndio waliokuwa wenye nyumba.

Kwa hiyo Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha 1945, wafanyakazi wale walikuwa na ujuzi tayari. Askari walirudi kwa mamilioni, wakaoa, wakakuta hakuna pa kukaa. Serikali za mji, jimbo na nchi zikalazimika kuingilia kati, nazo ziliingia kwa njia mbili ambazo wajumbe wetu wanapaswa kuzifahamu.

Njia ya kwanza ilikuwa ardhi. Julai 1949 Rais Truman alitia saini Sheria ya Nyumba. Kwa sheria hiyo mji uliweza kununua mitaa chakavu, kuibomoa, kisha kuwauzia wajenzi ardhi ile kwa bei ya chini. Katika hasara iliyotokea, serikali kuu ilibeba theluthi mbili na mji ukabeba theluthi moja.

Njia ya pili ilikuwa mkopo na kodi. Mwaka 1955 jimbo la New York lilitunga sheria iitwayo Mitchell-Lama, kwa majina ya wabunge wawili walioileta, mmoja wa chama cha Republican na mwingine wa Democratic. Aliyekubali faida yenye kikomo, na kuwapa nyumba watu wa kipato cha kati na cha chini, alipata mkopo wa miaka mingi wenye riba ndogo, na kupunguziwa kodi ya majengo.

Vyama vya wafanyakazi havikungoja wengine watangulie. Mwaka 1951 vyama hivyo, pamoja na vyama vya ushirika, viliunda shirika lao la kujenga, United Housing Foundation, likiongozwa na Kazan. Chama cha washona nguo za kike, ILGWU, kilisimamia ujenzi wa East River, nyumba 1,672 zilizokamilika 1956. Kisha ikaja Penn South, majengo 10 yenye nyumba 2,820, karibu na viwanda vya nguo vya Manhattan ili mshonaji aweze kwenda kazini kwa miguu. Ilipozinduliwa Mei 1962, Rais Kennedy mwenyewe alifika. Mwaka 1963 wakazi wa kwanza waliingia Rochdale Village, nyumba 5,860 zilizojengwa palipokuwa na uwanja wa mashindano ya farasi. Jina lile lilitoka Rochdale ya Uingereza, ambako 1844 wafumaji na mafundi walianzisha duka la ushirika lililotoa kanuni zinazofuatwa na vyama vya ushirika mpaka leo. Mwisho ikaja Co-op City, yenye minara 35 na nyumba 15,372, ambayo wakazi wake wa kwanza waliingia Desemba 1968. Wakazi wake wote walifika kama 50,000.

HESABU YENYEWE

Mfanyakazi hapendi hadithi isiyo na hesabu. Tuichukue Co-op City.

Hisa moja iliuzwa dola 25. Kila chumba kilihitaji hisa 18, yaani dola 450. Nyumba ya vyumba vinne ilihitaji basi dola 1,800. Fedha hiyo haikutosha hata kidogo kujenga nyumba. Katika makadirio ya 1965, kati ya kila dola 100 za ujenzi, karibu dola 88 zilitoka katika mkopo wa serikali ya jimbo, wa kulipwa kwa miaka 40. Wakazi walitoa kiingilio, na serikali ikatoa mkopo mkubwa. Kisha kila mwezi mkazi alilipa kwa hesabu ya vyumba vyake. Makadirio ya 1965 yalisema wastani wa dola 23 na senti 2 kwa chumba. Humo yalikuwamo malipo ya deni na gharama za kuendesha majengo, na hapakuwa na fungu la faida ya mwenye nyumba.

Sheria mbili za ushirika ule tunaomba kila mjumbe azikariri. Ya kwanza: kila nyumba ina kura moja, iwe na hisa nyingi au chache. Mwenye vyumba sita hamzidi sauti mwenye vyumba vitatu. Ya pili: anayehama huzitoa hisa zake kwanza kwa ushirika, kwa bei ile ile aliyonunulia, dola 25. Hawezi kusema mtaa umepanda thamani, kwa hiyo namwuzia mwenye fedha nyingi. Aliingia kwa bei ya mfanyakazi, na anayemfuata naye ataingia kwa bei ya mfanyakazi.

Mtu atauliza: kwa nini mkazi akubali kutopata faida? Jibu ni kwamba faida yake alikwisha kuipata miaka yote aliyokaa kwa malipo nafuu, katika nyumba ambayo hakuna mwajiri aliyeweza kumtoa kwa sababu ya kugoma.

MAKOSA YAO

Sasa tuseme na mabaya, maana mwalimu anayeficha makosa hafundishi.

Kosa la kwanza ni la kubomoa. Kwa sheria ile ya 1949 mitaa ya watu ilibomolewa ili nyumba mpya zijengwe, zikiwamo baadhi ya hizi za vyama vya wafanyakazi. Aliyesimamia kamati ya mji ya kazi hiyo mpaka 1960 alikuwa Robert Moses, mtu mwenye nguvu na asiyesikiliza. Waliohamishwa walikuwa maskini, na wengi katika mji ule walikuwa watu weusi na watu wa Puerto Rico. Wengi wao hawakuweza kulipa kiingilio cha nyumba mpya, wakaenda kubanana katika mitaa mingine chakavu. Mfanyakazi alijengewa juu ya kifusi cha nyumba ya mfanyakazi mwenzake. Rochdale Village na Co-op City zilijengwa mahali ambapo hapakuwa na mitaa ya watu, na huo ndio mfano wa kufuata.

Kosa la pili liliwahusu wajenzi. Mwaka 1963, Rochdale Village ilipokuwa ikijengwa katika eneo la watu weusi wengi, watu weusi waliandamana mbele ya mitambo, kwa sababu vyama vya mafundi wa ujenzi viliwafungia mlango wa kazi. Nyumba zile walipewa wakazi weusi na weupe pamoja, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika Marekani ya siku zile. Lakini mikono iliyozijenga ilichaguliwa kwa rangi. Na waliowazuia wenzao walikuwa vyama vya wafanyakazi, wala si matajiri. Tukumbuke hilo sisi ambao nyakati nyingine tunaulizana kabila kabla ya kumwandikisha mtu katika tawi.

Kosa la tatu liliiangusha kazi yote. Co-op City ilikuwa kubwa, gharama za ujenzi zikapanda, mkopo ukaongezwa, riba ikaongezeka. Zile dola 23 kwa chumba zilifika dola 39 na senti 68 Julai 1974. Wakazi walipouliza, waliona kwamba bodi ilikuwa bado mikononi mwa waliojenga. Waliitwa wenye nyumba, na mambo yao yaliamuliwa kama ya wapangaji. Walikwenda mahakamani, na Juni 1975 Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia, ikisema kwamba hisa zao zilikuwa za kupatia makao, kwa hiyo sheria ya kuwalinda wanunuzi wa hisa za biashara haikuwahusu.

Mwezi ule ule nyongeza nyingine ilipotangazwa, waligoma kulipa. Kiongozi wao, Charlie Rosen, alikuwa mfanyakazi wa uchapaji katika gazeti. Zaidi ya familia 8 katika kila 10 ziliandika hundi zao kila mwezi kama kawaida, lakini zikazikabidhi kwa kamati ya mgomo badala ya ofisi. Mgomo ule ulidumu miezi 13. Ulipokwisha mwaka 1976, wakazi walikabidhiwa uendeshaji wa nyumba zao. Lakini United Housing Foundation haikujenga tena. Shirika lililojenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi lilikomea hapo, kwa kuwa lilisahau kuwafungulia wanachama vitabu vya hesabu mapema.

KURA YA KUUZA

Liko jambo moja zaidi, na kwetu sisi ndilo zito kuliko yote.

Miaka ilipopita, New York ikawa mji wa bei kali. Nyumba zilizoanzishwa kwa dola mia chache kwa chumba zingeweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu. Sheria zilizofunga bei zilikuwa na muda wake, na muda ulipokaribia kwisha, wakazi waliulizwa: tuendelee na bei ya ushirika, au kila mtu auze kwa bei ya soko?

Wakazi wa Penn South walipiga kura zaidi ya mara moja, kuanzia 1986, na kila mara walio wengi walisema tuendelee. Mji nao ukaendelea kuwapunguzia kodi. Mpaka leo Penn South ni nyumba za ushirika zenye bei iliyofungwa, katikati ya mtaa wa matajiri. Huko Grand Street, ambako vyama vile vile vya washona nguo vilijenga East River na majengo ya jirani chini ya Kazan yule yule, wakazi walipiga kura miaka ya 1990 na kuchagua soko. Waliokuwamo wakati ule walipata fedha nyingi. Kijana mshonaji aliyefika baada yao hakupata mlango tena.

Mjenzi ni yule yule, vyama ni vile vile, msaada wa serikali ni wa aina moja. Kilichotofautiana ni kura za wanachama. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba sheria nzuri itatulinda daima. Sheria iliwalinda kwa muda wake, na baada ya hapo walibaki na moyo wao wenyewe. Kama watoto wetu hawataelezwa nyumba hizi zilipatikanaje, wataziuza, na hatutakuwapo kuwazuia.

WANAOSEMA HAIWEZEKANI

Tunajua tutajibiwa: hiyo ni Marekani, nchi ya fedha, sisi tutaiweza wapi? Ni kweli mshahara wa mshonaji wa New York wa 1962 si wa mkata miwa wa leo. Hatuwezi kuiga minara wala lifti, na hatuzihitaji. Familia inayolima mchicha nyuma ya nyumba inataka kiwanja, kuta imara, choo, maji na hati. Tunachoweza kuiga ni mpango: ardhi kwa bei nafuu, mkopo wa muda mrefu, kura moja kwa kila nyumba, na bei isiyopandishwa kwa anayefuata.

Wengine watasema: mimi nina kwetu, nikistaafu nitarudi kijijini. Ndugu, kama una kiwanja kijijini, shukuru Mungu. Lakini mtazame kijana aliyezaliwa katika laini, ambaye baba yake naye alizaliwa katika laini. Kijiji cha huyo kiko wapi? Kwake yeye, kwao ni mali ya kampuni.

Na fedha? Hatuko mikono mitupu. Hapa Uganda mfanyakazi wa ajira rasmi hukatwa shilingi 5 katika kila 100 kwa ajili ya akiba ya uzeeni, na mwajiri huongeza 10. Akiba hizo huwekwa katika miradi na majumba. Ni haki yetu kuuliza ni ngapi kati ya nyumba hizo mchuma chai anaweza kuzinunua. Majirani zetu wa Kenya nao, kwa sheria ya 2024 ya nyumba za bei nafuu, hukatwa shilingi moja na nusu katika kila mia, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Hatutaki kuwaamulia mambo yao. Tunawashauri tu, kama wenzao, waulize mapema lile swali ambalo wakazi wa Co-op City walichelewa kuliuliza: nani atakaa katika bodi, na vitabu vitafunguliwa kwa nani?

TUNAPENDEKEZA HIVI

Kwanza, katika mkataba wa pamoja ujao chama kidai kifungu kinachosema kwamba hakuna familia itakayotolewa chumbani wakati wa mgogoro wa kazi, na kwamba anayestaafu au mjane wa aliyefariki apewe muda usiopungua miezi sita. Hili halimgharimu mwajiri hata bati moja. Akilikataa, tutajua nyumba zile alizijenga kwa kazi gani.

Pili, chama kiombe ardhi. Yako mashamba yenye pembe zisizolimwa kwa miaka mingi, na ziko ardhi za serikali karibu na miji ya viwanda. Ardhi hiyo itolewe kwa ushirika wa nyumba wa wafanyakazi, na hati iandikwe kwa jina la ushirika. Lakini tusikubali kipande cha ardhi ambacho wakulima wadogo wamefukuzwa ili tukipewe sisi.

Tatu, kila tawi lenye ushirika wa akiba na mikopo lianze fungu la nyumba, hata kama ni kidogo. Kazan alianzia kwenye ushirika wa akiba. Haba na haba hujaza kibaba, na serikali humsikiliza zaidi mtu anayekuja na kibaba mkononi.

Nne, kanuni ziandikwe kabla ya kuchimba msingi: kila nyumba kura moja, bei ya kuhama ifungwe, hesabu zisomwe mbele ya mkutano wa wakazi kila mwaka, na mwenye nyumba asipoteze nyumba kwa kupoteza kazi.

Posho ya nyumba na idaiwe, na mabati ya laini yadaiwe. Sisi tutapiga kura kuyaunga mkono yote mawili. Lakini wajumbe wakirudi na mabati mapya peke yake, karani yule atapita tena laini kwa laini na karatasi zake mgomo ujao, na akina mama watatuuliza tena swali lile la mvua. Safari hii tuwe na jibu.

Jadilini jambo hili katika matawi yenu, chini ya mti, kwenye mizani ya majani ya chai, kwenye foleni ya mshahara. Mpeni mjumbe wenu maagizo kabla hajapanda basi.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.